Uzoefu wangu: bloki orijino ya EJ20 au bloki iliyoimarishwa kwa Impreza ya turbo, hapa Malindi

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004 yenye injini ya EJ205 (ya familia ya EJ20, lita 2.0), na kwa miezi 19 sasa inatembea kwa bloki yake orijino, yaani mwili wa injini wenye silinda, ambayo nilikaribia kuitupa. Namwandikia mwenye injini ya turbo aliyefika pale nilipokuwa mimi: injini iko chini, fundi anasubiri jibu, na mwenye gari hajui kama atengeneze bloki ya kiwandani au atoe fedha nyingi zaidi kwa bloki iliyoimarishwa na kampuni nyingine ng'ambo.

Injini iliharibika nikitoka Mombasa, baada ya kuvuka Kilifi, mchana mmoja wa Februari wenye joto kali. Sikusikia mshindo wowote; gari liliishiwa nguvu, likatoa moshi wa buluu, na oili ikaanza kurushwa na mrija wa kupumulia. Tulipopima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda, tatu zilisoma kati ya psi 140 na 150, na ya nne ikasoma 55. Fundi wangu, mzee aliyekuwa akifungua injini za Subaru kabla mimi sijajua kuendesha, aliitoa pistoni ya nne, akaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akaniwekea kiganjani. Ukingo ulio baina ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. "Bloki haina kosa, mwanangu," aliniambia. "Hii ni petroli iliyolipuka ovyo ndani, kwa joto na kwa presha uliyoongeza bila kurekebisha kompyuta ya injini." Alisema kweli, kwani turbo nilikuwa nimeifungulia presha bila kugusa mpangilio wa mafuta.

Hata hivyo sikumsikiliza mara moja. Nilinunua bloki iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa Mombasa aliyeniapia kuwa imetoka Japani na haijafunguliwa. Mzee aliweka rula ya chuma juu ya uso wake, pale hedi inapokaa, na bati jembamba la kupimia la milimita 0.05 likapita chini ya rula bila kusukumwa; pembeni mwa njia za maji palikuwa na vishimo vya kutu ambavyo gasketi ya hedi isingeweza kuviziba. Bloki ilirudi ilikotoka na nikapoteza fedha ya usafiri. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba bloki ya mtumba isiyopimwa mbele ya mnunuzi haifai kulipiwa hata senti.

Ndipo nikazitazama bloki zilizoimarishwa, na hapa nilijifunza jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa uwazi. Kwa injini za Chevrolet na Ford za V8, kampuni kama Dart humimina bloki yake yenyewe ya chuma, yenye kuta nene kuliko za kiwandani. Kwa Subaru hali ni tofauti, kwa sababu bloki nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kuimarishwa zimeanza zikiwa bloki za Subaru zenyewe. IAG ya Marekani, kwa mfano, huchukua bloki ya EJ25 (ya lita 2.5), ikaichonga juu na kuitia kipande cha aluminiamu kinachozishika silinda zisicheze. EJ205 yangu ina uso wazi, yaani maji huzunguka silinda hadi juu kabisa bila kitu cha kuzishikilia kileleni, na presha inapozidi sana silinda hutikisika na kuitafuna gasketi. EJ207 za baadaye na EJ257, ambazo ni injini za Impreza STI, toleo kali zaidi, zina uso nusu wazi, wenye madaraja machache. Bloki yenye uso uliozibwa huacha vitundu vya maji tu.

Wengi pia hushawishika kwa EJ25 kwa sababu ya ukubwa wake. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 99.5 dhidi ya 92 za EJ20, na nyongeza hiyo imetolewa kwenye unene wa kuta. Mvuto wake injini ikizunguka polepole ni mzuri mno, nimeuonja kwenye gari la rafiki, lakini kwa joto letu mimi nazipenda zaidi kuta nene za EJ20.

Lengo langu lilikuwa nguvu za farasi zipatazo 300, kutoka 250 za kiwandani. Kwa kiwango hicho uso wa bloki haukuwa udhaifu wangu; udhaifu ulikuwa pistoni, joto na mpangilio wa mafuta. Bei niliyopewa ya bloki iliyozibwa, kabla ya ushuru na VAT ya asilimia 16, ilikuwa zaidi ya mara tatu ya gharama ya kuitengeneza niliyo nayo. Kwa hiyo bloki yangu ilikwenda karakana ya uchongaji Mombasa, silinda zikachongwa hadi milimita 92.5, tukatia pistoni za kufuliwa ("forged", zilizo imara zaidi) na beringi mpya. Fedha iliyosalia nilinunua radieta kubwa zaidi, pampu ya oili, na mrija mpya wa kuvuta oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa kuwa ule wa kiwandani unajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake. Kisha kompyuta ikarekebishwa na mtaalamu kabla sijaikanyaga.

Kasoro ipo na sitaificha: pistoni za kufuliwa zimeachiwa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hutanuka sana zikipata joto, hivyo asubuhi injini hugongagonga kwa dakika mbili tatu, na nimelazimika kungoja oili ipate moto kabla ya kuvuta. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuchelewa.

Anayetaka nguvu za farasi 450 au zaidi, au anayekwenda mbio za rali ambako injini hukanyagwa kwa muda mrefu bila kupumzika, anunue bloki yenye uso uliozibwa wala asihesabu gharama. Huyo ataivunja hii yangu. Mimi naenda Mombasa na kurudi kila wiki, mara nyingine nina abiria na mizigo, na kipima joto hakijapanda hata mara moja.

Mwezi uliopita tulipima tena kompresheni, tukiwa na mzee yule yule na geji ile ile ya kompresheni. Silinda ya kwanza ilisoma 150, ya pili 148, ya tatu 150, na ya nne 149.