Taj Mahal na Keb' Mo': albamu mpya, na kile kidole gumba

Wakuu, mambo vipi? Tafuta hedifoni kwanza. Spika ya simu inakula besi yote, na leo shughuli nzima iko kwenye besi.

Haya. Taj Mahal, mzee wa blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, siyo lile jengo la India, utani huo kwenye komenti umetosha. Kazaliwa 1942. Mei 2025, miaka 83 imetimia, akaachia albamu ya Room on the Porch pamoja na Keb' Mo', mwanamuziki mwenzake wa blues. Ile albamu yao ya TajMo ya 2017 na Grammy yake mnaijua, tupite.

Sasa nasogeza kamera, angalia mkono wangu wa kulia. Wapiga gitaa wengi wanaodonoa nyuzi huongoza kwa kidole cha shahada. Taj anaongoza kwa gumba na kidole cha kati. Gumba kwenye nyuzi nene: dum, dum, dum, dum. Halina haraka, halina maringo. Cha kati kinadonoa huku juu, nyuzi nyembamba. Sikia... Hapo nakichelewesha makusudi, kidogo tu. Sasa nakipeleka sawasawa na gumba... Umeona? Imekuwa zoezi la darasani, mwendo umekufa. Narudisha ule wa kuchelewa... Eeeh! Kichwa kinatikisika chenyewe! Huhitaji mpiga ngoma hapo, gumba limeshamaliza kazi. Ngoja, mara moja tena, hii naipenda jamani.

Kinachoniudhi ni kwamba rekodi imepigwa pasi mno. Keb' Mo' ana sauti laini, mzee ana mikwaruzo, na mimi mikwaruzo ndiyo niliyoifuata. Halafu kwenye wimbo uliobeba jina la albamu anaingia mwimbaji Ruby Amanfu, mzaliwa wa Ghana, nikajikuta nanyamaza. Basi, ulaini nao una mahali pake. Lakini siyo albamu nzima!

Kuna chaneli, siitaji, imesema hii ni kazi ya wazee waliochoka. Waleteni hao vijana wao washike gumba hivi dakika tatu bila kuyumba, tuwaone.

Na nyie wa Zanzibar msiniambie mzee huyu hamumjui. Alirekodi na Culture Musical Club, kikundi chenu cha taarabu, albamu inaitwa Mkutano, ikatoka 2005. Gitaa la blues ndani ya taarabu, fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ziko pale pale. Kwangu mimi Mkutano bado iko juu ya hii mpya. Nitukaneni huko chini, nasoma zote.

Santuri? Ukijumlisha usafiri na ushuru mpaka ifike Dar, hapana. Sikiliza mtandaoni, hela hiyo nunua seti ya nyuzi.

Jumamosi usiku tuko mubashara, lete gitaa lako. Tunaanza na gumba peke yake, na atakayeniomba solo namtoa.