Antigua, Guatemala: Huduma ya Kukaa na Familia Ukisoma Kihispania

Shule za Kihispania Antigua ni nyingi, lakini zinachouza kinafanana: mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, saa nne au tano kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na chumba katika nyumba ya familia na milo mitatu. Upande wa masomo hautofautiani sana. Familia ndizo zinazopishana kama mbingu na ardhi, na hapo ndipo pa kuchunguza kabla ya kutoa hela.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni nyumba zilizogeuka hosteli. Wanafunzi watano au sita wanapangwa pamoja, mama anapakua chakula na kurudi jikoni, na mezani kinabaki Kiingereza. Kitanda ni safi, chakula kitamu, ila Kihispania hukisikii. Kwa hiyo iulize shule mambo mawili kwa maandishi: wiki hiyo nyumba itakuwa na wanafunzi wangapi, na je, wenyeji wanakula pamoja na mgeni? Kama ni zaidi ya wanafunzi wawili, omba nyumba nyingine. Halafu lipia wiki moja tu kwanza, hata kama umepanga kukaa miezi miwili.

Nyumba ikiwa ya kweli, meza inafundisha kuliko darasa. Mama mwenye nyumba mwite Doña (yaani Bibi) na jina lake, na umsemeshe kwa usted, “wewe” ya heshima. Vos, “wewe” ya kawaida, utaisikia kila mahali, lakini ni ya marafiki. Subiri wakuanzie wao. Ukimaliza kula, kabla ya kuinuka unasema muchas gracias (asante sana), na wote wanakuitikia buen provecho, kukutakia chakula kikufae. Kuondoka kimya ni kukosa adabu, kama ilivyo kwetu. Na ukisikia sentensi inaanza na fíjese que, kama “unajua, ni kwamba...”, jiandae: kinachofuata mara nyingi ni habari ya maji kukatika au gesi kuisha.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji hapa. Irabu ni zilezile tano, na zinatamkwa karibu vilevile. Mesa, bandera na vino utavielewa siku ya kwanza, kwa sababu meza, bendera na mvinyo tuliyapata kwa Wareno, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. Kazi iko kwenye j, ambayo Guatemala hutamkwa karibu kama h yetu, na kwenye h yenyewe, ambayo haitamkwi kabisa.

Chakula kikuu ni cha mchana, mara nyingi baada ya masomo: kuku kwa mchuzi wa pepián uliosagiwa mbegu za maboga na ufuta, au supu ya nyama na mboga. Jioni ni kitu chepesi, maharage meusi, mayai, ndizi za kukaanga na tortilla za mahindi. Muislamu asitosheke na kusema hali nguruwe. Maharage yaliyopondwa hukaangwa pengine kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe, na mpishi haoni kwamba hiyo ni nyama. Sema wazi: sin cerdo y sin manteca, con aceite, yaani bila nguruwe wala mafuta yake, kwa mafuta ya kupikia ya maji. Jumapili kwa kawaida hakuna milo, basi tenga hela ya kula nje.

Bafuni utakuta shawa ya umeme. Ukifungua koki yote, maji yanapita haraka na kutoka baridi; fungua kidogo, acha hita ifanye kazi yake. Usiguse kichwa cha shawa ukiwa umelowa. Karatasi ya chooni inatupwa kwenye kikapu kilicho pembeni, kwa sababu mabomba huziba. Maji ya kunywa ni ya dumu kubwa la garrafón, si ya bomba. Kwenye karo la kufulia, pila, birika la katikati ni la maji safi: unachota kwa bakuli na kufulia sehemu ya pembeni yenye mikwaruzo. Kuchovya nguo yenye sabuni pale katikati ni kuharibu maji ya nyumba nzima.

Umeme ni volti 120, na soketi ni za pini bapa kama za Marekani. Chaja za simu na kompyuta zinahitaji adapta tu, lakini pasi au mashine ya nywele ya volti 240 haitapata moto wa kutosha; iache nyumbani. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na nyumba hazina vipasha joto, hivyo Desemba na Januari sweta ni lazima na blanketi la pili unaliomba mapema. Mitaa ni ya mawe. Begi la mgongoni ni bora kuliko sanduku la magurudumu. Juma Kuu, wiki ya kuelekea Pasaka, mji hufurika kwa maandamano ya kidini, na chumba kinapaswa kushikwa miezi kadhaa kabla.

Ukiona nyumba haikufai, mwambie msimamizi wa shule kufikia Jumatano, kwa upole na kwa sababu mahususi: kelele usiku, au kula peke yako. Wageni wapya huingia mwisho wa wiki, na ukingoja Ijumaa vyumba vizuri vinaweza kuwa vimeshapangwa.