IU: bando lako lianzie wapi kwa mwimbaji huyu anayeigiza?

Haya watu wangu, karibuni tena. Leo kwenye meza yangu ya kuchambua bidhaa hakuna simu, hakuna spika, hakuna blenda. Wiki nzima mmeniuliza swali moja: katika hawa waimbaji wa Korea wanaoigiza, nani anastahili bando langu? Swali la maana hilo. Tamthilia moja kwa kawaida ina sehemu 16, kila sehemu saa nzima na zaidi, ukichagua vibaya umeliwa. Basi leo nachambua mtu mmoja tu, IU, na nitawaambia pa kuanzia na pa kuruka.

Jina alilopewa na wazazi ni Lee Ji-eun, kazaliwa Seoul, Mei 1993. Kwenye tamthilia alilitumia jina hilo kwa miaka, kwenye muziki ni IU, yaani "I" na "you" za Kiingereza, kwamba mimi na wewe tunakuwa kitu kimoja. Utotoni familia iliingia kwenye madeni, akalelewa na bibi yake kwenye chumba kidogo kisichofaa, mende wakijipitia. Hayo kayasema mwenyewe. Alizunguka kwenye usaili akakataliwa karibu mara 20. Septemba 2008, ana miaka 15, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza na watu wakamzomea. Lishikeni hilo la bibi, tutalirudia.

Kilichompa jina ni wimbo wa Desemba 2010, "Good Day". Karibu na mwisho sauti inapanda, inapanda tena, inapanda mara ya tatu, na pumzi ni ile ile moja. Jaribuni bafuni mje mniambie. Alikuwa na miaka 17, na tangu hapo Wakorea wakimtaja wanataja zile ngazi tatu. Ni kama ule mpira wa adhabu wa mchezaji fulani: akikaribia tu, uwanja mzima umeshasimama.

Sasa uigizaji. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 2011, akaingia "Dream High" ya kituo cha televisheni cha KBS, tamthilia ya shule ya vipaji. Yeye ni Pil-sook, msichana mnene anayeimba vizuri mno. Anapendeza, lakini ni mwimbaji anayeigiza mwimbaji, hapo hakuna mtihani. Mwaka 2013 kuna ile ya wikendi ya sehemu 50. Rukeni. Mwaka 2015 "The Producers", ameigiza msanii mwenye roho ya barafu, na hapo nilianza kukaa sawa kwenye kiti.

Halafu 2016, "Moon Lovers". Najua hapa nitagombana na watu. Wapenzi wa wafalme na mapanga mnaipenda, na nje ya Korea ilipata mashabiki kibao, lakini kwao ilisuasua na yeye alisemwa sana. Mimi nawaelewa waliomsema. Kila hisia aliibeba kama ile noti ya juu: macho yanatoka, mdomo unafunguka, unamwona kabisa akizipanda ngazi. Alikuwa bado anaimba.

Bidhaa yenyewe iko hapa: "My Mister", kituo cha tvN, 2018. Anaitwa Lee Ji-an, kibarua wa ofisini aliyerithi madeni, anaishi na bibi yake asiyesikia wala kusema. Mnaona? Bibi, deni, chumba. Sisemi alijiigiza mwenyewe, nasema mwili wake uliijua ile baridi.

Sehemu ya kwanza, itazameni mikono yake. Usiku anaosha vyombo mgahawani, mabaki ya chakula anayabeba nyumbani. Ofisini anachomoa vipakiti vya kahawa, ile ya unga iliyokwisha kuchanganywa maziwa na sukari, anavitia mfukoni. Anafika kwake, anamimina viwili kwenye kikombe kimoja, maji ya moto, anakunywa gizani. Hicho ndicho chakula cha usiku. Halii, hapumui kwa nguvu, hakuna muziki wa kukubembeleza. Nje ni majira ya baridi na yeye kavaa viatu vya turubai, vifundo vya miguu viko wazi. Kuna usiku bibi anatamani kuuona mwezi, naye hana kiti cha magurudumu, basi anamweka kwenye toroli la supamaketi na kumsukuma hadi nje. Mimi hapo nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Na sauti sasa! Yule wa ngazi tatu humu anaongea chini chini, maneno mawili, matatu, kamaliza. Bosi wake anaigizwa na marehemu Lee Sun-kyun, mwenye sauti nzito ya kifuani, na binti ameitega simu yake anamsikiliza kwa spika za masikioni mchana na usiku. Kwa hiyo nusu ya kazi ya IU humu ni kusikiliza. Anatembea barabarani, anasikia mtu akihema upande wa pili, na uso wake unabadilika kidogo tu kwenye taya. Huyu amekaa studio tangu utotoni, masikio yake yamefunzwa. Nadhani ndiyo maana hakuna mwigizaji mwingine ninayemwamini hivi akiwa anasikiliza tu.

Hapo nije kwenye malalamiko yangu. Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza. Jumong, ile tamthilia ya Korea, niliijua kwa sauti ya DJ anayetafsiri, jemadari anaongea kwa sauti ya DJ, malkia analia kwa sauti ya DJ, na raha tele, sitamsikiliza mtu anayeidharau kazi ile. Basi hii nayo mara ya kwanza nilijaziwa kwenye flashi, imetafsiriwa. DJ akawa anaongea kila alipoona kimya! Binti anakunywa kahawa, DJ anatueleza kwamba anakunywa kahawa. Nikaacha sehemu ya pili, nikasema huyu dada hana lolote. Miaka miwili imepita ndipo nikaitazama na sauti yake yenyewe, na maandishi chini. Nilijiona mjinga.

Hirokazu Kore-eda, yule mwongozaji wa Japani, aliitazama hii hii ndipo akamtaka kwa filamu yake ya "Broker", iliyokwenda tamasha la filamu la Cannes 2022. Anaigiza mama anayeacha kichanga. Ni nzuri, fupi, ina nyakati moja moja za kuchosha. Mwenzake humo, Song Kang-ho, ndiye aliyeondoka na tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Septemba mwaka huo huo akaujaza Uwanja wa Olimpiki wa Seoul siku mbili, mwanamke wa kwanza wa Korea kufanya onyesho lake mwenyewe pale. Akawaeleza watu kwamba masikio yanamsumbua. Na akasema "Good Day" sasa anaipumzisha, haitakuwa tena kwenye orodha yake ya kawaida. Wimbo uliompa kula! Nilipolisikia hilo nikakumbuka vile vipakiti vya kahawa.

Kisha ikaja "When Life Gives You Tangerines", Netflix, Machi 2025, mwongozaji ni yule yule wa "My Mister", Kim Won-seok. Kisiwa cha Jeju, wanawake wanaozamia baharini kutafuta viumbe wenye kombe bila mtungi wa hewa. Sisi watu wa pwani tunaijua kazi ya kusubiri maji yapwe. IU ni Ae-sun, mtoto wa mzamiaji anayetaka kuwa mshairi. Amewekwa sokoni auze kabichi, na haya zimemjaa, hawezi kunadi, anasoma kitabu. Anayenadi ni Gwan-sik, anayeigizwa na Park Bo-gum, anapayuka kabichi, kabichi, wakati mwenye biashara kainama anafunua kurasa. Kisha miaka inakwenda, Ae-sun mtu mzima anaigizwa na Moon So-ri, na IU anageuka kuwa binti wa Ae-sun na Gwan-sik, Geum-myeong. Ngumu hiyo. Sasa anamjibu kwa ukali mama ambaye jana alikuwa ni yeye. Na kuna zile simu za nyumbani, anafoka, anakata, anabaki kaishika simu. Kila aliyewahi kumfokea mama yake akiwa mjini ajiandae.

Udhaifu? Nusu ya kwanza inaliza sana, kila dakika kumi unatafuta kitambaa. "Hotel del Luna" ya 2019 nayo mavazi yanameremeta kuliko hadithi, japo kwa usiku wa Ijumaa inafaa.

Alama kati ya 10: muziki 9, uigizaji 9, "Moon Lovers" 5, nitukaneni. Bando dogo, anza na sehemu ya kwanza ya "My Mister". Usiitafute iliyotafsiriwa. Vaa spika za masikioni, zima feni kama inapiga kelele, na ukifika kwenye kahawa, ongeza sauti.