Buick GSX Nyeupe au Njano? Rangi na Mistari Adimu ya Kiwandani

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo hatuwashi injini hata moja. Leo ni rangi na mistari tu, kwa sababu kila nikiweka video ya magari ya misuli, yale ya Kimarekani ya milango miwili yenye V8 kubwa, swali linarudi lilelile: inakuwaje magari mawili yafanane mwaka, injini na gia, halafu moja liuzwe bei ya nyumba na jingine bei ya gari?

Mara nyingi jibu liko kwenye kopo la rangi. Au niseme vizuri zaidi, liko kwenye karatasi inayothibitisha ni kopo gani lilifunguliwa kiwandani siku ile.

Tazameni hizi mbili kwenye skrini. Zote ni Buick GSX za 1970. Buick ilikuwa inajulikana kwa magari ya kistaarabu, gari la daktari, gari la meneja wa benki. Ghafla wanatoa hii: injini ya inchi za ujazo 455, torki ya pauni-futi 510, saa ya mizunguko ya injini imewekwa juu ya boneti, nje kabisa, unaisoma kupitia kioo cha mbele. Na kwenye rangi hawakutaka mjadala. Rangi mbili tu, Saturn Yellow au Apollo White, basi. Zilitoka 678 mwaka huo. Za njano 491, nyeupe 187.

Sasa angalieni mstari. Mweusi, mpana, unatoka mbele, unapita ubavu mzima, ukifika nyuma unapanda na kukatiza juu ya spoila. Na pembeni yake kuna uzi mwembamba mwekundu. Huo uzi ndio kesi yangu yote leo. Kwenye ya njano, jicho linaona njano na nyeusi, uzi mwekundu unamezwa, mpaka usogee karibu ndiyo unaugundua. Kwenye nyeupe unauona ukiwa ng'ambo ya barabara. Mbunifu aliyechora ule mstari, kazi yake inaonekana kamili kwenye nyeupe. Najua wengi mnapenda njano, ndiyo inayowekwa kwenye mabango na kwenye makava ya majarida. Mimi nasimama na nyeupe, hata kama zingekuwa zimetoka nyingi kuliko njano.

Nimeanza na GSX kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Rangi mbili, mstari mmoja. Ukihamia kwa Chrysler, shikeni vichwa.

Chrysler walikuwa na Dodge na Plymouth, na rangi moja ilipewa jina tofauti kila upande. Ile zambarau maarufu, kodi FC7, yaani alama ya kiwanda ya kutambulisha rangi: ukienda Dodge ni Plum Crazy, ukienda Plymouth ni In-Violet. Chungwa ya kodi EK2: Dodge wanaiita Go Mango, Plymouth Vitamin C. Pinki ya kodi FM3: Dodge Panther Pink, Plymouth Moulin Rouge. Mtu akikwambia ana Plymouth ya Panther Pink, msahihishe kwa upole, kisha mwombe akuonyeshe kodi. Kwa GM, kampuni mama ya Buick, Chevrolet na Pontiac, ni hivyo hivyo. Hugger Orange ya Chevrolet Camaro ya 1969 na Carousel Red ya Pontiac GTO Judge ya mwaka huohuo ni kodi 72 zote mbili. Na Judge zilianza kutoka kwa rangi hiyo pekee kabla ya nyingine kuruhusiwa, kwa hiyo ile Judge ya chungwa ambayo kila mtu anaiota ndiyo ya kawaida. Ukikuta Judge halali ya 1969 yenye rangi nyingine, hapo sogeza kiti.

Turudi kwenye pinki. Hizi rangi kali za Chrysler ulikuwa unaziongezea dola 14 na senti 5. Hela ndogo hata kwa wakati ule. Kwa hiyo pinki haikukosa wanunuzi kwa sababu ya bei, ilikosa kwa sababu ilikuja katikati ya mwaka wa modeli wa 1970, na kwa sababu mwanaume wa mwaka huo aliyetaka gari la mashindano ya barabarani hakutaka litoke na pinki. Kiwanda hakikupanga uhaba wowote. Wateja ndio waliotengeneza uhaba kwa kukataa. Leo watoto wao wanapigana mnadani kwa kitu ambacho baba zao walikipita shoruumu bila kugeuka.

Halafu juu ya rangi kuna mstari, na hapo ndipo hesabu inapochanganyika. Chukua Dodge Challenger R/T ya 1970. Ungeweza kuchukua mstari mrefu wa ubavuni. Ungeweza kuchukua ule wa kuzunguka mkia, ambao wao waliuita mstari wa nyuki. Na ungeweza kusema sitaki mstari wowote. Huyo wa mwisho ndiye ninayempenda, kwa sababu kukataa nako kulikuwa na kodi yake, V88, na kulipigwa kwenye kibao. Gari la namna hiyo ni kama kanga isiyo na jina: mwenye macho ya haraka anadhani kuna kitu kimesahaulika, kumbe mwenyewe alichagua.

Kibao chenyewe ni hiki. Kipande kidogo cha bati, kimefungwa ndani ya boneti upande wa dereva, juu ya madigadi. Kinasomwa kuanzia mstari wa chini kupanda juu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Utaona kodi ya rangi, kodi ya ndani, kodi za mistari zinazoanza na V. Ukikuta 999 mahali pa rangi, pumua kwanza. Hiyo ni oda maalumu, rangi ambayo haikuwa kwenye orodha ya kawaida ya mwaka ule. Lakini kibao ni bati tu, na bati linatengenezeka. Ndiyo maana watu wanaingiza mikono kwenye springi za kiti cha nyuma kutafuta karatasi ya kiwandani, ile ambayo mafundi wa laini ya kuunganishia walikuwa wanaifuata. Kibao na karatasi vikikubaliana, mazungumzo yanaanza. Visipokubaliana, mimi nafunga boneti.

Sasa hii hapa najua mtanishambulia. Plymouth 'Cuda ya 1971 na ule mstari wa bango, kipande kikubwa kinachofunika karibu ubavu wote wa nyuma, na mbele yake wameandika injini: 340, 383, 440, ambazo ni inchi za ujazo, au HEMI, ile kali kuliko zote. Ulikuja kwa mweusi au mweupe. Binafsi, kwenye gari la njano naona ni kelele. Mweupe juu ya zambarau, hapo nanyamaza, ni kazi nzuri. Ila kuna jambo moja kuhusu mstari huu: unasema ukweli wa injini hadharani, kwa hiyo mwenye 340 hawezi kujifanya ana Hemi bila kubandua stika. Na stika zinauzwa. Mnanielewa.

Upande wa pili kabisa kuna Pontiac Trans Am ya kwanza, 1969. Zilitengenezwa 697, kati yake 8 tu ni za paa la kufunguka. Zote, nasema zote, ni nyeupe ya Cameo White na mistari miwili ya bluu ya Tyrol Blue. Hapa rangi haikuongezei hata senti, kwa sababu hakuna nyingine ya kulinganisha nayo. Na hapo ndipo hatari ilipo. Trans Am ni Firebird iliyoongezewa vitu, kwa hiyo Firebird yoyote ya 1969, rangi nyeupe, fundi mzuri, wiki kadhaa za kazi, na tayari una Trans Am ya uongo inayong'aa. Bahati nzuri kwa Pontiac ankara za kiwanda zimehifadhiwa, na kuna ofisi inaitwa PHS, yaani Pontiac Historic Services, inakutolea nakala. Ford nako kuna Marti Report, ripoti ya gari lako lilivyotoka kiwandani, inayotumia kumbukumbu za Ford kuanzia mwaka wa modeli 1967. Kwa Chevrolet za Marekani hakuna kitu kamili kama hicho, ndiyo maana mwenye Camaro anaambatana na bahasha ya makaratasi ya zamani kila aendako.

Nikiwa hapo kwa Ford, Mustang Boss 302. Ya 1969 ilikuwa na rangi nne tu, na zilitoka 1,628. Mistari yake aliichora Larry Shinoda, aliyetoka GM, na ni stika nyeusi yenye kurudisha mwanga usiku. Jaribio langu ni rahisi: pitisha ukucha. Stika ya kiwandani ilibandikwa juu ya rangi, kwa hiyo ukingo unausikia. Ukiteleza kama kioo, fundi wa siku hizi amepuliza vanishi juu yake. Si lazima uwe wizi, lakini si kazi ya kiwanda. Na rangi ikiwa laini kupita kiasi, pia uliza. Rangi ya kiwandani ya Ford na Chrysler ilitoka ikiwa na vijishimo vidogo vidogo, hakuna aliyekuwa na muda wa kuipolishi ing'ae hivyo.

Kabla sijatoa hukumu, kitu kinachonikera. Kuna wauzaji wana tabia ya kuandika "moja pekee duniani". Ukisoma chini: moja pekee yenye rangi hii, na mstari huu, na kiti cha rangi ile, na redio ya aina fulani, na bila kioo cha kulia. Ndugu yangu, ukiongeza masharti ya kutosha kila gari ni moja pekee. Hata Corolla ya jirani. Adimu ya kweli inasemwa kwa rangi, mstari na injini, hapo uishie.

Sasa hukumu. Namba moja yangu hamtaitarajia: AMC AMX ya 1969, Big Bad Blue. AMC, kampuni ndogo ya Kenosha, Wisconsin, ilitoa rangi tatu za fujo kwa nyongeza ya dola 34, na ikapaka hata bampa rangi ileile, wakati wengine wengi wanang'arisha kromu. AMX za mwaka huo ni 8,293. Za chungwa 284, za kijani 283, za bluu 195. Karibu sawa na GSX nyeupe kwa uhaba, lakini mfukoni haikuumizi kiasi kile, kwa sababu bado watu wanaidharau AMC. Endeleeni kuidharau, tafadhali.

Namba mbili GSX nyeupe, nimeshaitetea. Namba tatu Challenger ya zambarau yenye V88, safi, bila mstari. 'Cuda ya bango naiacha kwa wenye masikio magumu.

Na pinki? Kununua sinunui. Ukinipa bure nachukua, lakini uje na kibao chake na karatasi ya chini ya kiti.