Uzoefu wangu: kozi ya dhana za msingi za Agano Jipya, Masasi

Mimi ni katekista katika kigango kimoja nje ya mji wa Masasi, na nimemaliza kozi ya jioni ambayo parokia moja ya mjini huiendesha kwa walei wanaotaka kuelewa istilahi za wataalamu wa Maandiko. Naipendekeza kwa dhati, hasa kwa sababu kila dhana ilifundishwa pamoja na aya za kuifanyia kazi.

Tulipofika kwenye Injili Ndugu, yaani zile tatu zinazofanana sana, mwezeshaji alitugawia karatasi yenye kisa cha mtu aliyepooza kama kinavyosimuliwa na Mathayo, Marko na Luka, safu tatu sambamba, akatuagiza tupigie mstari maneno yanayolingana. Ndipo alipoeleza kwamba wataalamu wengi huona Marko iliandikwa kwanza, na kwamba Mathayo na Luka walitumia pia mkusanyiko wa misemo ya Yesu unaoitwa Q. Alisema wazi kuwa hakuna nakala ya Q iliyowahi kupatikana, na uwazi huo ulinifanya nimwamini katika mengine.

Somo lililonigusa zaidi lilihusu uhakiki wa matini, yaani kulinganisha nakala za kale ili kujua maandishi ya asili yalikuwaje. Kodeksi mbili (vitabu vilivyoandikwa kwa mkono) za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaimalizia Injili ya Marko katika 16:8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wakiwa na hofu. Wazee kadhaa walishtuka, wakauliza kama basi mistari ya 9 hadi 20 isisomwe tena kanisani. Mwezeshaji aliwajibu kwa upole kwamba swali la nani aliandika mistari hiyo ni la matini, na swali la kama ni Maandiko Matakatifu ni la kanoni, yaani orodha ya vitabu ambavyo Kanisa linavikubali kuwa Maandiko, na Kanisa limeipokea. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kunifanya nione sikupoteza jioni zangu.

Kuhusu kanoni yenyewe, tulijifunza barua ya Pasaka ya Athanasius, askofu wa Alexandria, ya mwaka 367, inayovitaja vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo leo. Barua hiyohiyo inaiweka Didake, kitabu cha kale cha mafundisho ya Kikristo, nje ya orodha, lakini inairuhusu isomwe na wanaojiandaa kuingia katika imani. Jambo hilo, kwa sisi tunaofundisha wakatekumeni, lilistahili kikao kizima.

Upungufu upo. Apokrifa, yaani maandishi ya kale yasiyoingizwa katika kanoni, zilipitiwa harakaharaka, na maandishi yaliyogunduliwa Nag Hammadi nchini Misri mwaka 1945 yalitajwa tu bila kusomwa hata ukurasa mmoja. Vivuli vya kabrasha vilififia kiasi kwamba herufi za Kigiriki hazikusomeka. Zaidi ya hayo, ratiba iligongana na msimu wa korosho, na wenzetu wa vijijini wakaanza kukosa vipindi, nao ndio waliohitaji elimu hii kuliko sote. Anayetoka Ndanda au Lulindi aulize mapema kuhusu awamu inayoanza baada ya mavuno, kisha aje na Biblia yenye marejeo pembeni, kwa maana itatumika kila kipindi.