Mchapa fulana ndani ya makumbusho ya Andy Warhol: uzoefu wangu

Nianze kwa kujieleza, ujue anayetoa maksi ni nani. Kabla sijahamia Ohio nilichapa fulana Kariakoo kwa miaka sita: za kampeni, za misiba, za harusi, za timu za mtaani. Meza ndefu ya mbao, fremu, kitambaa kilichokazwa mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma, wino, na raba ya kuusukumia. Bosi wangu alikuwa na sheria moja. Sura ya mtu ikitoka na kivuli, au wino ukikatika shavuni, fulana hiyo ni yako na bei yake inatoka kwenye posho. Nilijikusanyia fulana kumi na kitu za namna hiyo. Mama alizigeuza matambara ya kudekia.

Kwa hiyo shemeji yangu aliponiambia twende Pittsburgh, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Columbus, nikaone kazi za Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyetajirika kwa kuchapa sura kwa skrini, yaani fremu na kitambaa kama vyetu vya Kariakoo, nilikwenda kishari kidogo. Nilikwenda kukagua.

Makumbusho yako ng'ambo ya mto Allegheny ukitokea katikati ya mji, jengo la ghorofa saba lililofunguliwa kwa kazi hiyo mwaka 1994. Hata daraja la jirani limepewa jina lake. Usianzie chini. Panda lifti hadi juu kabisa halafu ushuke taratibu, maana maisha yake yamepangwa hivyo: utoto uko ghorofa ya juu, na kadiri unavyoshuka ndivyo anavyozidi kuwa mtu mzima. Uzee hutaukuta, alifariki 1987 akiwa na miaka 58.

Pale juu ndipo ubishi wangu ulipoanza kupungua. Warhol alizaliwa mji huo huo mwaka 1928, akiitwa Warhola, kitinda mimba wa wahamiaji waliotoka Miková, kijiji ambacho leo kiko Slovakia. Baba alikuwa kibarua. Alifariki 1942 na kuacha akiba ya kumsomesha huyu mdogo. Mama, Julia, alikuwa akikata makopo ya matunda, anayakunja yanakuwa maua, anayauza. Hapo nilisimama. Kila mtu anauliza kwa nini huyu bwana aliona kopo la supu kuwa kitu cha kuchora. Mimi niliyesoma darasa la nne kwa koroboi lililotengenezwa kwa kopo sikuuliza.

Kitu kingine ni kanisa lao, la Kikatoliki la mapokeo ya Mashariki, lenye ukuta wa watakatifu waliopangwa kwa mistari na nyuma yao dhahabu inang'aa. Weka pembeni ya hilo ugonjwa wa utotoni, wa viungo kutikisika vyenyewe, uliomlaza kitandani na magazeti ya nyota wa sinema. Shemeji alinionyesha kwenye simu picha aliyoichora mwaka 1962, sura ndogo ya Marilyn Monroe katikati ya dhahabu tupu, akauliza dhahabu yote hiyo ya nini. Nikamrudisha kwenye habari za kanisa.

New York alihamia 1949 na kwa miaka mingi aliishi kwa kuchora matangazo, viatu vya kike hasa. Sikujua hili, na kwangu ndilo lililofungua mengine yote. Alikuwa anachora kwa wino kwenye karatasi isiyonyonya, na kabla wino haujakauka anaibana karatasi nyingine juu yake. Mstari unaotoka umekatikakatika, una vidoti na matone. Maana yake huyu alikuwa mchapaji kabla hajagusa skrini, na alishagundua kwamba mstari uliokatika una uhai kuliko ulionyooka. Wateja wakalipa. Bosi wangu angeuita uchafu.

Makopo yenyewe, picha 32 za makopo ya supu ya Campbell, kila moja na ladha yake, hayako hapa; yako New York. Wengi hudhani yalichapwa, kumbe ni kazi ya mkono. Yalipoonyeshwa Los Angeles mwaka 1962, mwenye nyumba ya sanaa, Irving Blum, aliamua yasitawanyike, akayanunua yote kwa dola 1,000 na kulipa dola 100 kwa mwezi. Mwaka 2022 Marilyn mmoja tu wa 1964 aliuzwa mnadani dola milioni 195. Shemeji akaanza kupiga hesabu hiyo ni fulana ngapi. Nikamwomba aache.

Sasa kazi niliyoikagua kwelikweli. Ni mwimbaji Elvis Presley, kazi ya 1963, amevaa kama mchunga ng'ombe, bastola mkononi, amerudiwa mara kumi na moja kwenye turubai la rangi ya fedha. Nilisogea karibu mpaka mlinzi akanitazama. Huyu amekolea, huyu amefifia kama wino ulikuwa unaishia. Huyu ameingia begani kwa mwenzake. Vidoti vya picha vimeziba pale, vimefunguka hapa. Kwa sheria ya Kariakoo, kwenye kumi na moja hao ningelipwa labda wawili.

"Shemeji, hizi si zile zile ulizokuwa unakatwa hela?"

Ndizo hasa. Nilikaa kwenye benchi nikazitazama muda mrefu. Sura kumi na moja zilizofanana kabisa ungeangalia moja ukaondoka. Kinachokufanya utoke kwa huyu wa kwanza kwenda kwa wa tatu, kisha urudi kwa wa pili, ni kosa. Hapo tu ndipo unapoona kwamba kuna mtu alikuwepo, aliinama, alisukuma raba, mkono ulichoka. Warhol alipenda kusema anataka kuwa mashine, lakini mashine haichapi hivi.

Na mkono wenyewe mara nyingi haukuwa wake peke yake. Mwaka 1963 alimwajiri Gerard Malanga, kijana mshairi aliyekuwa ameshafanya kazi ya kuchapa vitambaa vya tai kwa skrini. Malipo: dola 1.25 kwa saa. Katika jengo zima huyo ndiye ndugu yangu. Wengine wanakwenda kutafuta Marilyn, mimi nilikuwa nawaza ujira wa Malanga. Masanduku ya sabuni ya Brillo ya 1964, ambayo ni mbao iliyochapwa pande zote ionekane katoni, wamechapa pamoja. Kuchapa sanduku ni kazi, pembe zinakusaliti. Heshima zangu.

Waliozoea kumwita mtu wa picha za rangi tu, wapite sehemu za baadaye polepole. Kuna turubai zilizopakwa rangi ya shaba kisha zikakojolewa, ikazuka kutu ya kijani na dhahabu. Shemeji alisoma maelezo mara mbili, akarudi nyuma hatua moja. Kuna picha za viatu zilizonyunyiziwa unga unaometa. Na kuna nilizozipenda kupita zote, picha nyeusi na nyeupe, nakala kadhaa za picha moja zilizoshonwa pamoja kwa cherehani, nyuzi zimeachwa zinaning'inia. Fundi yeyote wa mtaani angezikata nyuzi hizo bila hata kufikiri. Chumba cha mito kama ya kulalia, ya rangi ya fedha, inayoelea hewani, wazo la 1966, ni cha watoto. Nasi tuliingia mara mbili.

Halafu kuna maboksi. Kuanzia 1974 alikuwa na boksi karibu na meza yake. Barua, risiti, magazeti, mialiko, takataka, vyote humo, likijaa linafungwa linapelekwa stoo na linaletwa jingine. Yamefika 610. Mojawapo lilikutwa na mguu wa maiti ya kale ya Misri, iliyokaushwa. Nilimkumbuka bibi na sanduku lake la chini ya kitanda, ingawa bibi aliishia kwenye hirizi na stakabadhi za kodi ya kichwa.

Picha za matajiri za miaka ya sabini na themanini hazikunikera kama zinavyowakera wengine. Anampiga mteja picha kwa kamera ya Polaroid, anapeleka kwenye skrini, anapaka rangi, anatoza dola 25,000 kwa turubai moja. Hiyo ni oda. Nimeshachapa sura ya mgombea udiwani niliyekuwa simpendi, nikahakikisha meno yake yametoka meupe. Kinachonishangaza ni kwamba mtu aliyepigwa risasi mwaka 1968 akanusurika kufa aliweza kurudi kazini na kupokea wateja siku zote hizo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima sinema zake. Kuna moja ya 1964 ambayo ni jengo refu la Empire State la New York, usiku, kamera haisogei, kwa muda wa saa nane na dakika tano. Najua watetezi wake watasema uchoshi ndio kazi yenyewe. Sawa, kwenye Elvis marudio yananipa kitu cha kutafuta. Kwenye jengo lile nilipata usingizi.

Ya vitendo: Jumanne wanafunga. Vaa viatu vya kutembelea. Jipe saa nne, na usimalize nguvu juu, kwa sababu chini kabisa kuna karakana ambapo mgeni anachapa mwenyewe kwa skrini.

Nilipofika huko binti aliyekuwa anasimamia alianza kunifundisha jinsi ya kushika raba, shemeji akacheka mpaka watu wakageuka. Nikachapa. Ikatoka safi, kingo zimenyooka. Nikamwambia binti nataka nyingine, na safari hii niiharibu kwa makusudi, nisukume nusunusu, nitikise fremu. Mkono ukakataa. Nilijaribu mara tatu, zote zikatoka safi; miaka sita ya kukatwa posho si mchezo. Shemeji, ambaye hajawahi kugusa skrini maishani, aliinua fremu kabla ya wakati, akairudisha upande, na wino ukamwishia katikati. Sura yake ina pua mbili na nusu ya mdomo imeenda na maji.

Dada yake ameitundika sebuleni. Zangu ziko kwenye droo.