Miwani, bomba na mapezi ya kutazama matumbawe: ununue nini Nairobi kabla ya kushuka Pwani

Seti tunayoipima hapa ni ile ya vipande vitatu inayouzwa kwenye maduka ya michezo ya Nairobi ndani ya mfuko wa neti: miwani ya mbizi inayofunika macho na pua, bomba la kupumulia lenye vali upande wa chini, na mapezi mafupi ya kuvaliwa peku. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Moja imepotea kwenye mapezi, na sababu tutaitaja. Kipimo chetu ni kimoja: je, mtu aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la mtaani ataweza kuelea juu ya matumbawe ya hifadhi za bahari za Kisite, Watamu au Malindi kwa muda mrefu bila kuyagusa?

Anayekanyaga matumbawe kwa kawaida hakukusudia. Maji yamemwingia puani, ameshtuka, miguu imeshuka kutafuta pa kusimama, na hapo chini hapana mchanga. Tumbawe la matawi la jamii ya Acropora huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Lile la bonge kubwa la jamii ya Porites huongeza kama sentimita 1 tu. Kilicho hai ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya chokaa, kwa hiyo hata lisipovunjika, kisigino kikilisugua ngozi huchubuka na mwani hupata mahali pa kuota. Miamba hii ilipigwa na joto la bahari mwaka 1998, ikapigwa tena 2016 na 2024, ikapauka kwa kupoteza vimwani vinavyoilisha. Iliyobaki hai, na ile inayojaribu kurudi, haiwezi kubebeshwa tena mzigo wa visigino vya wageni. Kwa hiyo miwani isiyovuja ni jambo la uhifadhi, na ndiyo sehemu ya seti inayostahili pesa zako nyingi.

Anza na kioo. Tafuta neno TEMPERED au herufi T iliyochorwa pembeni: hicho kimeimarishwa kwa joto, na kikivunjika husambaratika vipande vidogo badala ya vyembe virefu karibu na macho. Miwani ya plastiki ya watoto inayoning'inizwa supamaketi haina alama hiyo. Hukwaruzika upesi na ukungu wake hautibiki. Miwani ya kuogelea bwawani nayo haifai, hata iwe ya bei gani, kwa kuwa inaacha pua nje. Ukizama mita mbili tu, maji huikandamiza kwenye macho, nawe huna njia ya kupuliza hewa ndani yake kwa pua ili kusawazisha. Halafu bonyeza mpira. Silikoni hukunjika kwa urahisi na kurudi bila alama, ilhali PVC, yaani plastiki ya kawaida, ni ngumu na haifuati mikunjo ya uso.

Jaribio la dukani halihitaji maji. Rudisha mkanda mbele ya kioo, sogeza nywele, weka miwani usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha ondoa mikono. Inapaswa kukaa yenyewe mpaka utoe pumzi. Ikianguka, au ukisikia hewa ikipenya karibu na nyusi au kwenye mikunjo ya mashavu, jaribu umbo lingine. Hapa ndipo wengi huharibu: huchukua miwani isiyowatosha wakitumaini mkanda utaikaza, kumbe mkanda uliokazwa sana hupinda pindo la mpira na kuongeza uvujaji. Rudia jaribio ukiwa na bomba mdomoni, maana kulibana kwa meno hubadilisha mashavu. Muuzaji akikukataza kuvaa, nenda duka la pili.

Masharubu huvujisha. Nyoa ukanda mwembamba chini ya pua au uyapake grisi ya silikoni. Kwa dada wanaovaa vazi la kuogelea lenye ushungi, mkanda upite juu ya kitambaa, lakini pindo la mpira liguse ngozi tupu pande zote. Upindo mdogo tu wa kitambaa ukiingia chini yake, maji yataufuata. Wenye rasta au nywele za kusuka waombe mkanda wenye kifuniko cha neopreni (mpira laini kama sponji), kwani ule wa mpira mtupu hung'ang'ania nywele za kisogoni. Na kama unavaa miwani ya macho, ulizia aina yenye vioo viwili vinavyoweza kubadilishwa kwa lenzi za namba. Ile ya kioo kimoja kwa kawaida haikubali.

Miwani mpya hushika ukungu kwa sababu hutoka kiwandani na utando wa silikoni kwenye kioo. Usisubiri kuuondoa siku ya boti. Ukiwa bado nyumbani, paka dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli, upande wa ndani. Sugua kwa kidole dakika mbili tatu, suuza, urudie mara tatu au nne. Kisha pumulia kioo: ukungu ukikaa kwa madoa, utando bado upo. Wapo wanaouchoma kwa kiberiti cha gesi, lakini moto ukigusa pindo, miwani imekwisha. Hatupendekezi. Baada ya hapo, kila unapoingia majini, mate yanatosha, au tone la shampuu ya watoto lililozimuliwa: paka, suuza mara moja, vaa.

Vali ya chini ya bomba ni nzuri. Maji yakiingia, unapuliza mara moja kwa nguvu nayo yanatokea chini badala ya kupanda mpaka juu. Udhaifu wake ni mchanga: chembe moja ikikaa chini ya kiwambo cha vali, bomba linaanza kunyonya maji kidogo kidogo. Litikise ndani ya maji safi, usilichokonoe kwa kucha. Bomba la urefu wa sentimita 40 na upana wa 2 hubeba kama mililita 125 za hewa uliyokwisha kuitumia, ambayo utaivuta tena kabla ya mpya kufika. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima ni kama mililita 500. Pumua polepole na kwa kina, basi. Anayehema harakaharaka anazungusha hewa chafu ileile, kichwa kinaanza kuuma, na hofu inaingia. Usidanganywe na bomba refu zaidi ya hapo.

Watu wengi huulizia ile barakoa ya uso mzima, inayomwezesha mtu kupumua kwa pua. Kwa safari ya kwanza, iache. Nafasi ya hewa ndani yake ni kubwa, na kinachotenganisha hewa safi na chafu ni vali ndogo za mpira; zisipofunga vizuri, kabonidioksidi hubaki usoni. Huwezi kubana pua kusawazisha masikio. Ukipatwa na hofu, kuivua huchukua muda kuliko kutema bomba. Kwa zile za kuigizwa za bei ya chini, huna namna ya kujua kama vali zake zimewahi kupimwa.

Sasa mapezi. Saizi zake zimeunganishwa mbili mbili au tatu tatu, kwa hiyo mguu wa saizi ya katikati hucheza ndani na kuchubuka kisigino. Soksi za neopreni husaidia. Mapezi mafupi ndiyo yanayofaa juu ya miamba ya maji machache, na bado huongeza urefu ambao mvaaji hauhisi. Piga teke kutoka nyongani, goti likipinda kidogo. Teke la baiskeli hutimua mchanga, na mchanga huo ukitua juu ya matumbawe, yenyewe hulazimika kutumia ute na nguvu kuuondoa. Kumbuka pia kwamba kupitia kioo, chini ya maji kila kitu huonekana karibu zaidi kwa kama robo ya umbali wake, kwa hiyo macho yako yatakuwa na hadhari huku miguu iliyo nyuma ikigonga. Mwenye bajeti finyu anunue miwani na bomba Nairobi, mapezi akodi Pwani.

Jaketi la kuokolea maisha halimo kwenye seti, lakini linaamua mengi. Lile la rangi ya chungwa la sponji nene ni la lazima mkiwa njiani botini. Majini hukusimamisha wima na kukugeuza uso juu, miguu ikining'inia, yaani mkao uleule unaokanyaga matumbawe. Kabla ya kulipa, uliza kama boti ina jaketi jembamba la kupuliza kwa mdomo, au kama kiongozi huingia majini na boya la duara la kushikilia. Kwa asiyejua kuogelea, boya na kiongozi ni bora kuliko sponji peke yake.

Zoezi lifanyike bwawani Nairobi kabla ya tiketi ya treni ya Syokimau kukatwa. Simama penye maji ya kifuani, uso majini, upumue kwa bomba mpaka mapigo ya moyo yatulie. Halafu ingiza maji kwenye miwani makusudi, bonyeza fremu ya juu kwenye paji la uso, inua macho, toa pumzi kwa pua: maji yatatokea chini. Zoezi hili moja lina thamani kuliko mengine yote, kwa sababu anayejua kumwaga maji kwenye miwani hahitaji kusimama. Mwisho, elea bila kusogea kwa dakika kumi. Ukiweza bwawani, baharini itakuwa rahisi zaidi, kwani maji ya chumvi hukubeba kuliko maji baridi.

Vifaa bora havishindi maji mabaya. Msimu wa kaskazi, takribani Novemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu; kusi huleta mawimbi na matope. Lakini watu wa bara husahau mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kupwa huangukia karibu saa nne asubuhi. Boti nyingi za watalii hufika kwenye miamba wakati huohuo. Utaelea juu ya matumbawe yaliyo karibu na tumbo lako, na mkondo juu yake. Katika maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa nne asubuhi maji huwa yamejaa na mkondo ni dhaifu. Chagua siku hizo. Ni ushauri wa bure, na una faida kuliko mapezi ya bei ghali.

Miwani ikikaa sawa, utaona kwa nini eneo lililofungiwa uvuvi ni tofauti. Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu 1968. Huko Kisite uvuvi umekatazwa kabisa, ilhali kwenye hifadhi jirani ya Mpunguti uvuvi wa asili unaruhusiwa. Tulia juu ya jiwe moja. Pono husikika kabla ya kuonekana, mdomo wake ukikwaruza mwamba kwa mlio mkavu. Huacha michirizi miwili myeupe, na baada ya muda hutoa nyuma yake wingu la mchanga mlaini, mwamba uliokwisha sagwa. Kikande naye hula nungu wa baharini wenye miiba mirefu. Tafiti za miaka mingi za mwanasayansi wa matumbawe Tim McClanahan katika miamba ya Kenya zimeonyesha kwamba kikande wakivuliwa, nungu huongezeka na kuutafuna mwamba. Kwa hiyo ukiwaona nungu wachache na kikande wengi, jua unaogelea ndani ya ulinzi unaofanya kazi. Usiwalishe samaki mkate. Usiokote kombe wala kipande cha tumbawe kilichokufa.

Kuhusu jua: fulana ya mikono mirefu ya kuogelea ni bora kuliko mafuta ya kukinga jua, na kwenye mitumba ya Toi na Gikomba mvumilivu huipata. Hawaii ilipiga marufuku kuanzia Januari 2021 uuzaji wa mafuta yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa hofu ya kuyadhuru matumbawe. Ushahidi mwingi umetoka maabara, lakini fulana haina ubishi, na mgongo ndio unaoungua.

Lipa kiingilio cha KWS, shirika la serikali linalosimamia hifadhi, kwenye tovuti ya eCitizen kabla ya kufika bandarini, kwani mtandao unaweza kukwama mkiwa foleni na maji hayakungoji. Beba chupa ya maji yasiyo na chumvi ya lita moja na nusu kwa ajili ya kusuuza seti tu: kisiwa cha Wasini, jirani na Kisite, hakina mto na watu wake hutegemea sana maji ya mvua, si vizuri kuyaomba kwa mapezi. Kausha kivulini. Usiiache miwani garini juani, wala usiihifadhi ikigusana na mpira mweusi wa mapezi, kwani silikoni angavu hunyonya rangi na kuchafuka. Irudishe kwenye boksi lake gumu ili pindo lisikandamizwe. Likikaa limepinda miezi kadhaa, litavuja palepale lilipopinda. Na siku ya kununua, chukua mkanda wa akiba unaolingana na bizimu zake. Mkanda hukatika kabla ya kitu kingine chochote, na mara nyingi hukatika mtu akiwa ameshakaa ukingoni mwa boti.